Walaji wa Chitemangwe

1

Mzee Mugonhwa aliondoka Chitemangwe akiwa mzima, akarudi baada ya wiki nne akiwa hawezi kumaliza kutaja jina lake bila kupumzika katikati.

Alikuwa amekwenda kwa bintiye Wendo, kule Njombe, ambako asubuhi ukungu hulala mabondeni na hewa ni safi mpaka mgeni hujiona kama anakunywa maji kwa pua. Miaka thelathini na mmoja aliendesha msumeno wa mawe katika kiwanda cha Jiwe Jema, akikata matale, yale mawe magumu ya huko, kuwa vigae. Alipostaafu waliagana naye kwa soda na blanketi. Bintiye akampigia simu akamwambia, baba, njoo huku upumue sasa. Akaenda. Wiki tatu za kwanza alipalilia viazi na kucheka na wajukuu. Ya nne akaanza kukohoa damu.

Hospitali ya huko ilisema ni nimonia. Dawa hazikusaidia, naye mzee akashikilia neno moja tu: nirudisheni kwetu, Sechelela ataniona.

Sechelela Chilewa alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati ya Chitemangwe, na Mugonhwa ni mjomba wake, tumbo moja na mama yake. Alimlaza, akambana kidole kwa kile kibanio cha kupima hewa ya damu. Sabini na tisa kwa mia; mwenye afya hukaribia mia. Akamfungulia oksijeni mpaka mwisho wa mtungi. Namba haikupanda hata moja. Baada ya nusu saa mzee alianza kuwa na rangi ya majivu midomoni.

"Nitoe nje," alisema.

"Mjomba, nje kuna vumbi. Utajimaliza."

"Seche. Nitoe."

Walimtoa, yeye na Wendo aliyemsindikiza, wakamweka barazani kwenye kiti. Ilikuwa saa nne asubuhi, na upepo ulikuwa unatoka upande wa kiwanda kama kawaida ya msimu ule, umebeba unga mweupe uliotua juu ya majani, juu ya kamba za nguo, juu ya ugali ukichelewa kuufunika. Sechelela alisimama akitazama kibanio kidoleni mwa mzee, akisubiri kifo. Badala yake aliona themanini na mbili. Kisha themanini na tano. Ilipofika tisini, mzee alikuwa amefumbua macho na kuomba chai.

Wendo alilia kwa furaha. Sechelela hakulia. Alichukua kikopo, akamwambia mjomba wake ateme kohozi, akaenda nalo kwenye hadubini.

Hapo inafaa tuseme walaji ni nini, maana Chitemangwe hakuna asiyewajua, lakini si kila mahali ni Chitemangwe.

Zamani mawe yalikatwa kwa maji. Kila msumeno ulikuwa na bomba lililomwagia jiwe wakati linakatwa, vumbi likawa tope, tope likazolewa. Hata hivyo lilikuwapo la kutosha kuua. Unga wa matale ni kama vioo vilivyosagwa. Ukiingia ndani ya pafu hautoki, na pafu hujifunga kovu juu ya kovu mpaka liwe gumu kama ganda. Kifua cha mawe, ndivyo watu walivyouita ugonjwa huo. Ulimuua baba yake Sechelela akiwa na miaka arobaini na minne, amekaa, kwa sababu alikuwa hawezi tena kulala chali.

Kisha wakaja walaji. Ni vijidudu vilivyotengenezwa maabara, vidogo kuliko chembe ya damu, vilivyofundishwa kula jiwe. Unavuta pumzi tatu kutoka kwenye mtungi wa bluu, vinaingia, vinakaa, na kila chembe ya vumbi inayoshuka vinaisaga na kuiyeyusha, unaikojoa. Sechelela alipoelezwa mara ya kwanza alitoka nje ya ukumbi akasimama peke yake nyuma ya choo, akamfikiria baba yake, akalia. Ndiyo maana alipoambiwa asimamie kazi ya kuwavutisha wafanyakazi, aliikubali kama mtu aliyepewa nafasi ya kulipiza kisasi kwa maradhi. Watu mia nne thelathini na mmoja, wote kwa mkono wake.

Mwaka uliofuata Jiwe Jema waliondoa mabomba ya maji. Ya nini tena, walisema, na ukame huu. Wafanyakazi walikuwa hawaugui. Vumbi likaongezeka mara sita, na waliobaki kukohoa ni wale ambao hawakuwa wafanyakazi: wake, waume, bibi, watoto.

Mlaji aliyeshiba, ukimtazama kwa hadubini, ana tumbo la kijivu. Sechelela alikuwa amewaona mara elfu. Waliokuwa kwenye kohozi la mjomba wake walikuwa na matumbo mekundu.

Alisogeza kioo, akatazama tena. Akatazama mpaka jicho likamtoka machozi. Hakukuwa na vumbi Njombe. Walaji walikosa jiwe, wakageukia nyumba waliyomo.

2

Ofisi ya Dk. Itika Mwasomola, daktari wa kiwanda aliyesimamia walaji, ilikuwa ghorofa ya pili ya kiwanda, madirisha yamezibwa kwa mpira, mashine ya kuchuja hewa ikinguruma polepole ukutani. Alikuwa mtu mpole. Alimkaribisha kiti, akamuuliza habari za mama. Sechelela aliweka picha ya hadubini mezani bila kujibu.

Itika aliitazama kwa muda mfupi sana.

"Ni nani?" aliuliza.

Sechelela alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na amejiandaa kwa mshangao. Hakuwa amejiandaa kwa swali lile. "Mjomba wangu. Ulikuwa unajua," alisema.

"Nimejua miaka mitatu."

"Miaka mitatu."

"Watano, waliohama. Mmoja Bukoba, wawili Mbeya, mmoja Unguja, mmoja alikwenda kwa mwanawe Arusha. Vyeti vyao vya kifo vimeandikwa nimonia." Alisema kama anayesoma orodha ya vifaa. "Wakati mmoja nilidhani nitapata dawa ya kuwaua walaji bila kumuua mtu. Bado naitafuta. Keti, Nesi Seche."

"Na kwa ajili ya Alhamisi ijayo," alisema Sechelela, akiwa bado amesimama, "umeniletea mitungi ya shule. Watoto mia mbili kumi na wawili. Karatasi iko mezani kwangu, inangoja sahihi yangu."

"Watoto wanakohoa. Umeniandikia barua mwenyewe, mara nne, kwamba wanakohoa."

"Niliandika kwamba mrudishe maji."

Itika alivua miwani. "Nisikilize vizuri, kwa sababu nimelala na jambo hili usiku mwingi kuliko wewe. Tukirudisha maji, vumbi litashuka. Vumbi likishuka, walaji walio ndani ya watu zaidi ya mia nne wataona njaa. Umeona njaa yao inafanyaje. Nenda ukaseme, nenda kwenye Baraza la Hewa, nenda redioni. Serikali itakuja na vipimo vyake, itatuamuru tusafishe hewa, na hewa ikisafishwa utawazika watu wote uliowavutisha. Na wa kwanza atakuwa mjomba wako. Ukinyamaza, wanaishi. Nao watoto wakivuta, wataishi pia, hapahapa kwao. Kuna ubaya gani mtu kuishi kwao?"

Mashine ya ukutani iliendelea kunguruma. Sechelela alimwona akilini mtoto wa miaka saba, ambaye kesho anaweza kuwa mwalimu Kigoma au fundi wa meli Mtwara, amefungwa kwenye kiwanda hiki kwa mapafu yake mwenyewe. Akihama atakufa. Kiwanda kikifungwa atakufa. Atakuja getini mwenyewe, bila kuitwa, kuomba vumbi.

"Mbuzi hufungwa kamba ya shingo," alisema hatimaye. "Angalau kamba mbuzi anaiona."

"Hayo ni maneno."

"Wewe umevuta?"

Itika alirudisha miwani machoni. "Mimi nafanya kazi humu ofisini," alisema.

3

Siku mbili Sechelela hakula vizuri. Kila upande aliogeukia palikuwa na kaburi. Akisema, atawaua wakubwa. Asiposema, atawauza wadogo. Alijiuliza kama ana haki ya kuchagua, na kila alipojiuliza hasira ilimrudia, kwa sababu watu waliolifanya jambo hili kuwa fumbo walikuwa wanakula chakula cha mchana kwenye hewa iliyochujwa.

Siku ya tatu mjomba wake, ambaye sasa alishinda barazani pa zahanati akipigwa na upepo wa kiwanda kama mtu anayeota moto, alimwita.

"Unanificha kitu, mwanangu."

Akamwambia yote. Mzee alisikiliza akitazama mikono yake.

"Wengine wanajua?" aliuliza.

"Bado."

"Sasa wewe unakaa peke yako humo ndani unaamua nani afe, kama yule wa ghorofani. Tofauti yenu ni nini?"

Neno lile lilimchoma, na lilikuwa kweli. Saa sita na nusu, king'ora cha chakula kilipolia, Sechelela aliingia uwanja wa kiwanda na mjomba wake akimfuata kwa fimbo. Watu walikuwa wamekaa kwenye vivuli vya matofali ya matale, weupe kwa unga kuanzia nywele mpaka viatu, bakuli mapajani.

"Mbukwenyi," aliwasalimu kwa Kigogo, nao wakaitikia. Kisha akawaeleza. Hakupunguza kitu. Alitaja wale watano kwa majina aliyoyatafuta kwenye daftari lake, mmoja mmoja, na kwa kila jina paliguna mtu aliyewahi kufanya naye kazi.

Alipomaliza aliinuka Nyemo Lechipya, mwanamke wa mashine ya kung'arisha, mimba ya miezi saba imemtangulia.

"Aliyenishikia mtungi ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Ukaniambia ni kinga. Ukasema baba yako angekuwa hai."

"Nilisema hivyo. Niliamini."

"Na wewe umevuta?"

Sechelela alijua swali hilo linakuja. Yeye mwenyewe alikuwa amelitupa ghorofani kama jiwe. "Sijavuta," alisema. "Wauguzi hatukulazimishwa."

Mtu mmoja nyuma alitema mate chini. Mwingine alisema maneno ambayo hayafai kuandikwa. Nyemo aliendelea kumtazama, na Sechelela hakuinamisha uso, kwa kuwa aliona hilo ndilo deni dogo kabisa awezalo kulipa siku ile.

"Kwa hiyo wanasema vumbi likiondoka tunakufa," Nyemo alisema.

"Ndivyo."

"Kwa hiyo mji mzima ule vumbi ili sisi tushibe."

"Ndivyo wanavyosema."

Nyemo aligeuka kuwatazama wenzake. Alikuwa mtoto wa wafugaji, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya kitu kibovu. "Jamani, ng'ombe wa baba yangu wakila, je, kijiji kizima kinageuzwa malisho? Si wanapelekwa malishoni, wakishiba wanarudi? Hao waliomo vifuani mwetu wanakula kiasi gani kwa siku, Nesi?"

Sechelela alipiga hesabu kichwani, uzito wa mlaji, idadi yao, kasi yao ya kuyeyusha. Ilikuwa hesabu rahisi, na hakuwahi kuifanya, kwa sababu daktari mwenye ofisi na miwani alikuwa amemweleza kwamba njia ni mbili tu.

"Kijiko kimoja," alisema. "Kijiko kimoja cha unga, kwa mtu mmoja, kwa siku."

Fundi mmoja wa misumeno akasema ghala la zamani la baruti lina kuta nene na mlango mmoja, likizibwa halivuji. Mwingine akasema kisagio kidogo cha majaribio kinatosha. Mtu aingie saa moja asubuhi, awalishe walaji wake, atoke, aoge. Nje maji yarudi kwenye misumeno, na watoto wasiguswe. Kufikia mwisho wa saa ya chakula lile ghala lilikuwa limeshapewa jina, wakaliita jikoni, na watu walicheka kicheko kile cha mtu anayetafuna kidonge kichungu.

King'ora kilipolia tena hakuna aliyerudi kwenye mashine. Walikaa palepale kivulini mpaka jioni, na kesho yake, na keshokutwa. Kila asubuhi waliwasha kisagio kimoja tu ndani ya ghala, kwa ajili ya matumbo yao, na mzee Mugonhwa alishinda na kulala humo. Chitemangwe ikaona kilima cha upande wa pili kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

4

Baraza la Hewa, lile la serikali linalosimamia hewa ya viwandani, lilipokea malalamiko yao, likakubali kuwasikiliza Jumatano, Dodoma, siku moja kabla ya watoto wa shule kuvutishwa. Lilitaka shahidi aliyeathirika, mwenyewe, si picha. Mugonhwa alisema atakwenda.

Tatizo lilikuwa safari na ukumbi. Walaji wake walikuwa wamekwisha kuonja nyama, na wakishaonja hawangoji tena wiki tatu. Sechelela alikadiria saa mbili. Mafundi wakamshonea mfuko wa turubai wa kuning'iniza shingoni, wenye feni ndogo ndani, bomba na barakoa. Wakaujaza unga wa matale waliyoyakata wenyewe. Mugonhwa alipanda gari akipumua humo, akaingia ukumbini akipumua humo.

Ukumbi ulikuwa mzuri. Sakafu yake ilikuwa vigae vya matale, vimeng'arishwa mpaka watu walijiona miguuni. Wajumbe saba, maua mezani, na darini vitambuzi vya vumbi kwa afya ya wajumbe. Mugonhwa hakuwa amefika kwenye kiti chake wakati king'ora kilipolia. Taa nyekundu ziliwaka. Mhudumu alikuja mbio.

"Mzee, tafadhali vua hicho kitu," alisema mwenyekiti, Bi. Nyangeta Mwita, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. "Kanuni za ukumbi haziruhusu kiwango hicho cha vumbi."

Sechelela alisimama. Miaka kumi na minane alikuwa ameomba kitambuzi kimoja, kimoja tu, kwa ajili ya shule ya Chitemangwe. "Mheshimiwa, akivua—"

"Acha, Seche," alisema mjomba wake. Alivua barakoa, akazima feni, akauweka mfuko sakafuni. King'ora kikanyamaza. "Nina saa mbili. Tuanzeni."

Hawakuanza. Wakili wa Jiwe Jema aliomba kuthibitisha uhalali wa baraza kusikiliza shauri. Alisoma kanuni. Alisoma marekebisho ya kanuni. Alikuwa na sauti tamu na hakuwa na haraka, na Sechelela, akiwa amembana mjomba wake kidole kwa kibanio chini ya meza, aliona tisini na tatu ikawa themanini na nane, na akaelewa kwamba mtu yule anajua anachofanya. Alikuwa anaongea ili pumzi za shahidi ziishe.

Saa nne na dakika kumi, themanini na moja, mwenyekiti alitazama saa. "Tuchukue mapumziko mafupi ya chai."

Wajumbe wakaanza kusogeza viti. Sechelela alitembea mpaka mlangoni, akaufunga, akauegemea kwa mgongo.

"Hamnywi chai," alisema. Sauti yake haikupanda. "Mmemwambia mtu avue uhai wake auweke sakafuni kwa sababu unawachafulia hewa. Ameuvua. Mmemwacha amekaa hivyo saa nzima mkisomewa vifungu. Sasa mnataka sambusa. Mtapita hapa mkishamsikia, au mtapita juu yangu."

"Wewe ni nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Mimi ndiye niliyewavutisha. Mia nne thelathini na mmoja, kwa mkono huu. Andikeni hilo kwanza. Leseni yangu iko ndani ya pochi, mtaichukua mkitaka. Lakini mtamsikia."

Bi. Nyangeta alimtazama yeye, kisha akamtazama mzee. Midomo ya Mugonhwa ilikuwa ya majivu, na kwenye leso aliyojifutia palikuwa na doa jekundu. Alikuwa hawezi kusema. Hakuwa na ushahidi mwingine wa kutoa zaidi ya huo.

"Zimeni king'ora," mwenyekiti alisema.

"Mheshimiwa, kanuni—" alianza wakili.

"Nimesema zimeni. Mzee, vaa mfuko wako. Samahani."

Sechelela alipiga magoti akamfunga barakoa. Feni ililia. Unga mweupe ulivuja pembeni mwa barakoa, ukapanda, ukasambaa kwenye mwanga wa taa, ukashuka juu ya maua na juu ya makabrasha. Mjumbe mmoja alianza kukohoa, kisha wa pili. Wakili aliziba pua kwa tai yake. Walikaa hivyo robo saa, wakitazama kibanio kilicho kidoleni mwake, mkono ukiwa juu ya meza, kikipanda namba kwa namba, hadi mzee alipopata sauti.

"Mzee wangu," alisema mjumbe aliyekuwa akikohoa, macho yamemvimba, "hali hii itaendelea mpaka lini?"

"Mimi, mpaka nife," alisema Mugonhwa. "Ninyi, mpaka mtakapoamua."

Waliamua kabla ya saa sita. Watoto hawatavutishwa, wa Chitemangwe wala wa mji mwingine. Maji yatarudi kwenye misumeno ndani ya siku thelathini. Jiwe Jema watalijenga jikoni lile upya na kuliendesha mpaka mtu wa mwisho kati ya wale mia nne thelathini na mmoja atakapoaga dunia kwa uzee. Dk. Itika Mwasomola ataitwa kuhojiwa. Na Sechelela Chilewa atasimamishwa kazi mwaka mmoja. Aliitoa leseni kwenye pochi, akaivuka ile sakafu inayong'aa, akaiweka mbele ya mwenyekiti mwenyewe.

Mlango ulipofunguliwa, wakili wa Jiwe Jema ndiye aliyetangulia kutoka, karibu mbio, akitafuta hewa.